Msalaba Uliovaa Majani

Wiki ya Noeli, wakati kijiji kizima kilikuwa kikihangaikia nguo mpya, msalaba wa marehemu Osmund nao ulivaa. Ulivaa kijani.

Wa kwanza kuuona alikuwa mjane wake, Lidwina, alipokwenda kung'oa magugu kaburini. Alidhani kuna mmea umetambaa kutoka shambani ukaparamia msalaba. Akashika jani avute. Jani likagoma, kwa sababu halikuwa limetambaa kutoka popote. Lilikuwa limetoka ndani ya mti wenyewe, sentimita chache juu ya jina la mumewe lililoandikwa kwa rangi nyeupe. Lidwina akarudi nyuma, kanga ikamporomoka kiunoni, akaita, "Baba Dorine?" Aliita polepole, kama mtu anayegonga mlango wa chumba chenye mgonjwa. Kisha akajionea aibu, akajifunga kanga upya na kwenda kumwita katekista.

Chanzo cha muujiza huo hakikuwa mbali. Osmund alifariki ghafla mvua zikianza, na fundi seremala alikuwa amesafiri kwenda Nakapanya. Vijana wachimba kaburi wakatafuta mti wowote ulionyooka, wakakuta nyuma ya bafu fungu la fito lililofunikwa kwa magunia yaliyolowa. Zilikuwa fito za glirisidia, miti ya kurutubisha udongo iliyoletwa na mradi, mabaki ambayo marehemu hakuwahi kuyapanda. Wakachagua mbili nene, wakazifunga kwa waya, wakachomeka. Hakuna aliyewaza kwamba zingeota, kwa maana kijiji kizima kilikuwa kimeshuhudia miti yote ya Osmund ikifa kule kwenye shamba lake la kichanga, na kilikuwa kimecheka kwa zamu. Kitu pekee cha mradi ule kilichobaki kizima kilikuwa fulana yenye maneno RUTUBA NI UHAI mgongoni, nayo alizikwa akiwa ameivaa.

Miti yake aliipanda kichangani kwa sababu alikatazwa kuipanda kwingine. Nyumba ya Osmund ililima mashamba mawili. Moja lilikuwa kichanga cha juu kilimani, ambako mvua ikinyesha asubuhi, mchana udongo unauliza kama ni kweli ilinyesha. Jingine lilikuwa shamba jekundu la chini ya nyumba, karibu na makaburi, ambalo zamani lilizaa lenyewe na siku hizi lilizaa kwa kubembelezwa. Hilo jekundu lilikuwa la ukoo. Kaka mkubwa wa Osmund, Isidori, aliyehamia Msamala, Songea mjini, alimwambia wazi: lima utakacho, ila mti wa kudumu usipande. Kwao, aliyepanda mti amejimilikisha. Mahindi huvunwa yakaisha. Mti hubaki pale ukimtolea ushahidi aliyeupanda. Osmund alitii. Miti yake ikafa ikitii pia.

Katekista Makarius alifika na kitabu cha sala. Akasimama mbele ya kaburi, akavua kofia, akaivaa, akaivua tena.

"Kanisa linasemaje, mwalimu?" Lidwina aliuliza.

"Linasema mengi, mama. Ila habari ya msalaba kuota, sikumbuki kama tulifika."

Dorine, binti pekee wa nyumba ile, alikuwa amemaliza sekondari mwaka uliotangulia na sasa alikuwa akimaliza uvumilivu. "Mwalimu, si siku ya maziko uliumwagia maji ya baraka wewe mwenyewe? Ulitegemea nini?"

"Dorine!"

"Samahani, mama. Nakumbusha tu nani alimwagilia."

Makarius hakucheka. Alinyunyiza tena maji kwa mazoea, kisha akauangalia mkono wake kwa majuto makubwa na kuurudisha mfukoni.

Mikono ya msalaba ilichipua wiki hiyohiyo, halafu ikanyauka, kwa sababu haikugusa udongo. Waya ukalegea, mikono ikaanguka. Kikabaki kiwiliwili, na juu yake kichwa kilichojaa majani. Watoto wakakipa jina, tena bila kuumiza akili: Mzee Osmund. Wanawake waliokuwa wakipita pale kwenda kisimani wakabadili njia, wakisema ile ya zamani ina utelezi. Upepo ukivuma mchana, majani yale yalitoa harufu nzito ya kijani, ikaingia jikoni, na Lidwina akainua kichwa kutoka kwenye chungu kama mtu aliyeitwa jina.

*

Mwaka ule Lidwina hakupata mbolea ya ruzuku. Alipanda bodaboda hadi mjini, akapanga foleni kwenye duka la pembejeo, na zamu yake ilipofika kijana wa dukani akaitazama namba ya ruzuku kwenye simu ya Lidwina.

"Hii imeandikishwa kwa jina la mwanaume."

"Ni mume wangu."

"Basi aje mwenyewe."

"Amefariki."

Kijana alitafakari jambo hilo kwa uzito wa kiserikali. "Pole, mama. Sasa mfumo haujui. Leta barua ya ukoo kwamba wewe ndiye unayelima shamba."

Waliokuwa nyuma yake kwenye foleni walianza kukohoa kile kikohozi cha watu wenye haraka. Lidwina alisogea pembeni akiwa amekumbatia kiroba kitupu alichobeba kutoka nyumbani. Ukoo ulikuwa Isidori, na Isidori alikuwa hapokei simu.

Kwa hiyo mahindi yake yaliota ya manjano, membamba, kama watoto waliolelewa kwa uji wa maji. Isipokuwa sehemu moja. Kila Jumamosi alifagia kaburi, kama afanyavyo mjane yeyote, na vijitawi vilivyorefuka aliviondoa ili msalaba usifanane na kichaka. Kuvichoma moto aliogopa. Kuvitupa njiani aliogopa zaidi. Akawa anavifukia kwenye matuta ya mahindi yaliyo jirani na kaburi, haraka haraka, bila kuangalia. Mvua zilipokolea, matuta hayo yakawa ya kijani cha giza, mabua manene, majani mapana yanayosuguana. Ukisimama barabarani ungeona shamba zima limechoka, na pembeni pa kaburi kipande kimoja kimeshiba.

Watu walisimama barabarani. Waliona.

"Anamlisha mumewe mahindi," alisema mmoja.

"Mbona ni mumewe anayeyalisha mahindi," alisema mwingine, na wote wawili wakatembea upesi kidogo.

*

Isidori alikuja baada ya mavuno. Alikuwa mtu wa shati la mikono mirefu hata kwenye jua, si mbaya, ila mwenye watoto wengi shuleni na duka lililokuwa likipungua bidhaa kila mwezi. Alichukua kigoda akakigeuza ili kaburi liwe mgongoni kwake. Baada ya kuketi akagundua kwamba kaburi kuwa mgongoni ni vibaya zaidi, akakigeuza tena.

"Karibu, shemeji."

"Nimekaribia, mlamu." Neno la kwao la shemeji lilimtoka kila alipokuwa na jambo zito. "Hapa hamlali peke yenu, naona."

"Tumezoea."

"Mimi sijazoea. Juzi niko kwa kinyozi mjini, kijana asiyenijua ananisimulia kuna kijiji wamezika mtu ameota majani. Ananiuliza, mzee, unaamini? Nililipa nikaondoka nimenyolewa upande mmoja."

Dorine, aliyekuwa akipepeta maharage, aliinamia ungo mpaka paji la uso likagusa maharage. Mabega yalikuwa yakimtikisika.

"Mwaka wa kaburi ukitimia," Isidori aliendelea, "tunaking'oa hicho kitu. Naleta msalaba wa saruji, tusali kama watu. Na hili shamba jekundu kuna mtu wa tumbaku analitaka."

"Analitaka, au umempa?"

"Tumeshikana mikono."

Lidwina alijifanya anamenya muhogo. Kisu chake kilikuwa kimesimama mahali pamoja. "Na sisi?"

"Kichanga kipo."

"Kichanga kilimshinda mdogo wako."

"Mdogo wangu alipanda miti. Wewe panda mihogo. Mlamu, mimi sikufukuzi. Nyumba ni yako, hakuna wa kuigusa. Lakini shamba ni la ukoo, na hilo la ukoo wewe umelifanya liwe la manjano."

"Nilikuomba barua ya mbolea. Nilipiga simu mpaka salio likaisha."

Isidori alijitazama viatu. Simu zile aliziona zote. "Mtandao," alisema.

Lidwina alimwandalia ugali. Akala vizuri, akashukuru, na alipoondoka alipita njia ndefu ya kuzunguka nyumba, mtu mzima mwenye shati la mikono mirefu, akinyata kwenye viazi vya watu.

*

Bwana shamba wa kata, Remmy, alipita na pikipiki wakati wa upepo wa kiangazi. Lidwina alimsimamisha barabarani.

"Nataka fito za miti ile. Nipande kwenye udongo mwekundu."

"Mama, mradi ulishafungwa. Hata gari walilichukua."

"Hakuna hata fungu moja?"

Remmy alikuna kidevu. "Mti mama uliobaki kata nzima ni mmoja tu." Hakuuonyesha kwa kidole. Aliuonyesha kwa midomo, akiwa ameangalia upande mwingine. "Ule ukiukata mwisho wa kiangazi, matawi ya unene wa mpini wa jembe, unapata fito za kutosha. Na ule udongo unaupenda, unaona mwenyewe. Kule juu mchwa na ukame viliila. Hapa ingeshika."

"Nikate msalaba wa mume wangu?"

"Kitaalamu, mama, ule si msalaba tena."

"Vizuri. Basi shuka unikatie, wewe mtaalamu."

Ghafla Remmy alikumbuka kikao. Pikipiki iliwaka kwa teke la kwanza, jambo ambalo halikuwahi kutokea tangu akabidhiwe.

Jioni mama na binti walikaa jikoni. Moshi ulikuwa mwingi na hakuna aliyelalamika.

"Mama," Dorine alianza, "tukizipanda zile fito shamba zima kabla ya huyo mtu wa tumbaku hajaja, nani atathubutu kuingia? Watu wanamwogopa mmoja. Tukiwa nao sitini je?" Alicheka. Alikuwa amelitafakari wazo hilo siku nzima na lilimpendeza kama mchezo wa bwenini wa kuwatisha wageni kwa shuka jeupe.

Mama yake hakucheka. "Unasema kama vile ni uongo."

"Ni mti, mama."

"Najua ni mti." Lidwina alisukuma kuni ndani. "Umewahi kuusikia ukinyamaza?"

Dorine alisikiliza majani ya nje. Kwa mara ya kwanza tangu Noeli hakupenda mahali alipokaa, karibu na mlango ulio wazi.

*

Misa ya mwaka ilisaliwa, na watu wakateremka makaburini kwa utaratibu. Ugimbi, pombe ya kienyeji, ulikuwa umepikwa na mitungi ilingoja kivulini. Msalaba wa saruji uliletwa kwenye pikapu, umefungwa gunia kama mgonjwa. Mtu wa tumbaku naye alikuwepo, mgeni mpole kutoka upande wa Lusewa, amesimama kwenye ukingo wa shamba jekundu akipima kwa macho.

Mti ulikuwa sasa umewapita watu wote kimo. Vijana walianza kwa kuuvuta, wakicheka. Waliongeza kamba. Kisha wakaacha kucheka na kuomba majembe. Walichimba pembeni, wakakata mizizi midogo, wakafika kwenye mzizi mmoja mnene uliokwenda chini wima, wala haukukunja kushoto wala kulia.

Kijana mmoja alitoka shimoni na kufuta mikono kwenye suruali.

"Baba mkubwa," alimwambia Isidori kwa sauti ya chini, "huu unakwenda alipo."

Makarius alianza Salamu Maria, akafika katikati, akasahau inaendeleaje. Isidori akaona macho yote yako kwake. Alichukua shoka. Alikunja mikono ya shati, kitu ambacho ndugu zake wengi walikuwa hawajawahi kukiona, akapiga mara moja. Maji ya mti yakamrukia usoni. Alibaki ameshikilia shoka, mdomo wazi, na majimaji yale yakiteremka shavuni kwake mahali ambapo machozi hupita. Kisha yakafuatwa na machozi yenyewe. Alikuwa hajamlilia mdogo wake. Siku ya maziko alikuwa akishughulikia chakula cha wageni.

"Siwezi," alisema. "Afanye mjane."

Lidwina alivua viatu. Aliomba panga. Hakuugusa mzizi. Alianza na tawi la juu, akalivuta chini, akalikata kwa pigo moja safi, akalilaza kwenye nyasi. Akakata la pili. Alikata mpaka likabaki shina la kimo cha bega, tupu, na kila tawi alilaza karibu na mwenzake, vichwa upande mmoja. Dorine alipiga magoti na kuanza kuondoa majani. Aliyaondoa bila kuyatazama, na watu walidhani ni huzuni.

Halafu Lidwina akakumbatia mzigo wa fito, akapita mbele ya wazee wa ukoo, akaingia shamba jekundu. Alichimba kwa jembe, akasimika fito, akashindilia kwa kisigino. Akapiga hatua, akachimba tena.

"Mlamu!" Isidori aliita. "Unafanya nini?"

"Mmesema aondoke kaburini."

"Huo ni mti wa kudumu! Unajua desturi!"

Lidwina alisimama, ameshikilia fito kama mtu anayeshika mkono wa mgonjwa. "Shemeji, mwaka mzima mmekataa kuuita mti. Watoto wanauita Mzee Osmund. Wewe umenyolewa nusu kwa ajili yake, na sasa hivi umemlilia. Haya. Osmund akisimama kwenye shamba la baba yake, nani wa ukoo huu atamwambia ondoka?"

Isidori aliwaangalia wazee. Wazee waliangalia mitungi ya ugimbi.

Mtu wa tumbaku alirudi nyuma taratibu mpaka akawa barabarani. "Ndugu yangu," alimwambia Isidori kwa heshima kubwa, "mimi natafuta shamba. Sitafuti watu wa kuishi nao." Akaondoka, na hakuonekana tena.

Msalaba wa saruji ulisimikwa miguuni kwa kaburi, kwa sababu kichwani palikuwa na shina. Watu walitawanyika mapema. Ugimbi ulibaki karibu wote, na mtu yeyote anayeijua Songea anaelewa hiyo ni hali ya hatari.

*

Fito zilishika. Udongo mwekundu ulizipokea kana kwamba ulikuwa umezingoja, na msimu uliofuata kulikuwa na safu za vichwa vya kijani kutoka makaburini hadi ukingo wa bonde. Isidori aliandika barua ya ukoo bila kuombwa na kuituma kwa bodaboda. Hakuna aliyelitaja shamba lile tena.

Hakuna aliyeliingia pia. Lidwina alipopika togwa na kuwaita majirani wamsaidie kulima, kama walivyosaidiana miaka yote, kila mmoja alikuwa na mgonjwa wa kuuguza. Walimsalimu kutoka barabarani, kwa upendo, bila kupunguza mwendo. Waliofika mlangoni walikaribishwa chakula wakasema wametoka kula. Kijiji kizima kilikuwa kimeshiba.

Dorine alihimili palizi moja. Kisha akafunga begi aende Msamala kujifunza ushonaji.

"Wazo lilikuwa lako," mama yake alimwambia.

"Wazo lilikuwa la kuwatisha wao." Dorine alikuwa akikaza zipu isiyotaka kufunga. "Mama, nikitoka asubuhi kupiga mswaki, baba amesimama kila upande. Na hata mmoja hanitazami."

Isidori alifika siku moja mahindi yakiwa yamefika kifuani, meusi kwa kijani. Alikuwa amejaribu kulima mwenyewe kipande kingine cha ukoo, cha udongo mwekundu uleule, na mahindi yake yalikuwa yamegoma magotini. Alizunguka maneno kwa muda mrefu: afya, barabara, bei za vitu.

"Shemeji, sema tu," Lidwina alisema.

"Naomba fito chache."

"Panga lile pale. Kata unazotaka."

Isidori alikwenda na panga hadi kwenye safu ya kwanza. Lidwina alimwona amesimama mbele ya shina moja, kisha jingine, akichagua, kama mtu anayetafuta sura isiyofanana na ya ndugu yake. Alirudi mikono mitupu na kuegemeza panga ukutani.

"Umekosa nzuri?"

"Zote nzuri." Alifuta paji la uso. "Nitajaribu mbolea ya samadi."

"Kaa basi ule."

"Nimetoka kula, mlamu."

Alipoondoka, Lidwina alichukua panga lilelile. Majani yalikuwa yamefikia wakati wa kukatwa na kufukiwa kwenye matuta, na mawingu yalikuwa yakijikusanya juu ya kilima. Kwa kawaida, kabla ya kukata matawi ya kila shina, alisema, "Samahani, baba Dorine," akakata, akahamia lingine. Kazi ilikwenda polepole hivyo, lakini ndivyo alivyoiweza. Siku hiyo, kwa haraka ya mvua, alikata safu nzima, na alipofika mwisho wake akagundua kwamba hakuwa amesema neno.

Alisimama, panga mkononi, akangoja. Majani yalilala chini. Mashina yalisimama tu, yametulia, yanavuja kidogo pale yalipokatwa. Matone ya kwanza yakaanza kupiga mahindi. Aliangalia nyuma, akaangalia pembeni. Hakukuwa na aliyekasirika, hakukuwa na aliyesamehe. Ilikuwa miti, safu moja ya miti kwenye udongo mwekundu, na mwanamke mmoja katikati yake.

Hapo ndipo Lidwina alipoogopa, kwamba Osmund hayumo. Alirudi mbio mwanzo wa safu, mvua ikimpiga usoni, akashika shina la kwanza kwa mikono miwili na kuanza kuomba samahani, shina kwa shina, kwa sauti kubwa iliyosikika mpaka barabarani.